Funga daftari, halafu niambie

Miezi michache kabla ya mtihani wa taifa, shule nyingi za kata huku kwetu Tanga hugeuka mabweni. Wanafunzi wa kidato cha nne wanakuja na magodoro, ndoo na unga waliochanga wazazi, wanalala kwenye vyumba vya madarasa, na kuanzia hapo ni kusoma tu: alfajiri, mchana kutwa, na usiku mpaka macho yanauma. Wazazi wanajinyima, walimu tunapeana zamu za usiku, na watoto wenyewe wanajituma kwelikweli. Nawaheshimu wote. Lakini pita darasa hadi darasa saa tatu usiku uangalie wanachofanya. Karibu wote wanafanya jambo moja: wamefungua daftari wanalisoma, na wakifika mwisho wanarudi mwanzo. Wenye kalamu za rangi wanapiga mistari chini ya maneno. Wengine wananakili notsi za mwenzao kwa mwandiko mzuri zaidi.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia, na jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu. Njia hizo walizozishika watoto wetu ni miongoni mwa njia dhaifu kabisa za kujifunza. Zimepimwa, zikapimwa tena, kwa zaidi ya miaka mia moja. Na njia yenye nguvu haihitaji kompyuta, projekta wala mfadhili. Inataka mtoto afunge daftari na ajaribu kukitoa kichwani kile alichokisoma, leo, tena wiki ijayo, tena mwezi ujao.

Wa kwanza kulipima jambo hili kwa makini alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri orodha kwa orodha, kisha akapima ni kiasi gani cha jasho lake kinabaki kadiri muda unavyopita. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, karibu theluthi mbili. Kuanzia hapo kusahau kunapunguza mwendo, na kilichobaki baada ya mwezi hakikuwa kidogo sana kuliko kilichobaki baada ya siku sita. Aliona na jambo jingine, ambalo kama mwalimu linanigusa zaidi: marudio 38 yaliyogawanywa kwa siku tatu yalimpa faida ileile aliyoipata kwa marudio 68 ya siku moja. Karibu nusu ya kazi iliokolewa kwa kuitawanya tu.

Huyo alikuwa mtu mmoja na silabi zake, na mtu ana haki ya kuuliza, watoto wa shule je? Mwaka 1939 Herbert Spitzer alitoa matokeo ya wanafunzi 3,605 wa darasa la sita katika jimbo la Iowa, Marekani. Walisoma makala za kawaida kuhusu karanga na mianzi, kisha makundi mbalimbali yakaulizwa maswali kwa nyakati tofauti. Walioulizwa mapema, kabla hawajaanza kusahau, ndio waliokumbuka zaidi wiki zilizofuata. Hawakufundishwa tena, hawakupewa makala tena. Lile swali lenyewe lilikuwa limewafundisha. Na hili limejulikana tangu Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza!

Jaribio ninalowasimulia wanafunzi wangu mara kwa mara ni la mwaka 2006, la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, kwenye Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis. Vijana walipewa kifungu cha kusoma. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kukisoma. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu vilivyobaki walifunika karatasi na kuandika chochote walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma vipindi vyote vinne waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yalipinduka: waliosoma na kusoma walibaki na asilimia 40, waliofunika karatasi walikuwa na 61. Tena waliosoma na kusoma ndio waliokuwa wametabiri kwamba watakumbuka sana.

Hapo ndipo watoto wetu wanapopotezwa. Ukisoma ukurasa mara ya nne unauzoea. Unajua mchoro wa jani uko juu kulia, unajua aya inayofuata inaanzaje, na mazoea hayo unayahesabu kuwa ni kuelewa. Kujipima kunauma. Umekaa na karatasi tupu, kitu ulichokiona jana hakiji, unajiona huna akili. Kijana atachagua njia inayomtuliza, hasa kama kesho kuna jaribio la wiki na njia hiyo inamvusha. Anavuka Ijumaa kweli. Ikifika moko, ule mtihani wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, yote yamepukutika, na sisi walimu tunasimama mbele yao tunauliza, "Hivi haya hamkufundishwa?"

Darasani kwangu nafanya hivi. Kidato cha pili wamo zaidi ya sabini kwenye chumba kimoja, watatu watatu kwa dawati. Nikishaingia na tukasalimiana, naandika maswali matano ubaoni. Mawili yanatoka kipindi kilichopita, mawili yanatoka mwezi uliopita, na moja linatoka kidato cha kwanza. Madaftari ya notsi yanaingia kwenye mabegi. Wanajibu kwenye kurasa za nyuma za daftari la mazoezi, kila mtu peke yake, kimya. Kisha wanabadilishana na jirani, tunapitia majibu kwa pamoja, na hakuna alama yoyote inayoingia kwenye rekodi zangu.

Hilo swali la kidato cha kwanza ndilo wanalolilalamikia. Juzi juzi niliuliza kazi ya utando wa seli. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, badala ya jibu, aliandika: "Madam hii tulishamaliza." Nilicheka naye, lakini nililichukua daftari lake nikalitazama tena ofisini, kwa sababu lile ni jibu la kweli kuhusu shule zetu. Mada inamalizwa na mwalimu. Anaiwekea alama ya vema kwenye azimio la kazi, yaani mpango wake wa mada za muhula, anahamia nyingine, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu mwenye wajibu wa kuuliza kama bado imo vichwani mwa watu.

Wenye umri wangu waliokulia Pwani hawataona ugeni hapa. Nilisoma chuo cha Kurani Pangani nikiwa mdogo. Mwalimu alikuwa anatusikiliza kipande kipya, halafu anaturudisha cha jana, halafu sura ya zamani ambayo ulidhani umeshaachana nayo. Msahafu umefungwa, unasoma kwa ghibu, ukikwama anakuongoza neno moja unaendelea. Hata aliyehifadhi juzuu zote thelathini muraja'a wake, yaani kuyarudia aliyoyahifadhi, hauishi mpaka anaingia kaburini. Hakuna aliyetutajia Ebbinghaus. Lakini kutoa kichwani, kwa kurudia, kwa nafasi ya siku na wiki, yote yalikuwepo pale kwenye mkeka. Niliyoyahifadhi pale ninayo mpaka leo, wakati kemia niliyoisoma kwa kukesha kidato cha sita ilibidi nijifunze upya nilipoanza kufundisha.

Na kitendawili je? "Kitendawili!" "Tega!" Watu wanajaribu, wanakosea, wanajaribu tena, na wakishindwa kabisa mtegaji anadai, "Nipeni mji." Anapewa Dar es Salaam, anapewa Mombasa, ndipo anafungua jibu. Jibu lile halisahauliki. Nate Kornell, Matthew Hays na Robert Bjork walionyesha mwaka 2009 kwamba kujaribu kujibu na kushindwa, kisha ukapewa jibu sahihi, kunakusaidia kulishika jibu hilo kuliko kupewa tu uliangalie. Mwalimu anayetoa maelezo yote kwanza na kuuliza maswali mwishoni amewanyima wanafunzi wake ule muda wa kukuna kichwa, na kwenye ule muda ndipo kazi inapofanyika.

Mwenzangu mmoja wa ofisini aliniambia hizi ni habari za vyuo vikuu vya Marekani, vijana walioshiba na karatasi za bure. Ni hoja ya haki. Lakini kuna kazi iliyofanyika kwenye shule ya kawaida, mji mdogo wa Columbia katika jimbo la Illinois, na mwalimu wa kawaida wa sayansi, kwa silabasi yake mwenyewe. Watafiti, wakiwemo Mark McDaniel na Pooja Agarwal, waligawa mada za muhula: baadhi zikawekewa maswali mafupi yasiyo na uzito wa alama, nyingine zikafundishwa bila maswali hayo. Watoto wale wale, mwalimu yule yule. Kwenye mtihani wa mada, yale yaliyokuwa yameulizwa-ulizwa walipata wastani wa asilimia 92. Yasiyoulizwa, 79. Ripoti ni ya mwaka 2011. Shibe haiingii hapo, maana aliyelinganishwa ni mtoto na nafsi yake.

Sasa kuna swali zito zaidi, na naomba nikae nalo. Je, hili si kukariri kwa jina jingine? Taifa zima linalalamika kwamba vijana wetu wanakariri, halafu mwalimu anakuja kusifia kutoa vitu kichwani!

Nitasimulia kilichotokea. Msichana mmoja wa kidato cha pili, mwenye bidii, mstari wa mbele, nilimwomba anieleze osmosisi, yaani namna maji yanavyopenya utando wa seli. Akasimama, akaitiririsha kwa Kiingereza, neno kwa neno kama ilivyo kwenye notsi, mpaka na koma zake. Darasa likampigia makofi. Nikamuuliza kwa Kiswahili: "Ukikata kachumbari ukatia chumvi ukaiacha kidogo, inakuwaje?"

"Inatoa maji, Madam."

"Kwa nini?"

Kimya. Akanitazama kana kwamba nimehama somo.

"Hayo maji yametoka wapi?"

"Kwenye nyanya. Na vitunguu."

"Wapi kwenye nyanya?"

Akafikiri. "Kwenye... seli?"

"Chumvi ni nyingi wapi, ndani ya seli au nje?"

"Nje." Halafu akafunga mdomo kwa kiganja, na nyuma yake wenzake wawili watatu wakasema kwa pamoja, "Aaaa!" Akaketi, akafungua daftari na kuandika kitu pembeni ya ile maana aliyoikariri. Nilipopita kukusanya kazi nikaona: *kachumbari*, na mshale.

Alichokitoa mara ya kwanza kilikuwa mlolongo wa sauti. Alichokitoa mara ya pili kilikuwa maarifa. Swali ndilo linaloamua unatoa kipi, kwa hiyo mwalimu anayeuliza "taja" na "fafanua maana ya" peke yake atavuna wakariri hata akiuliza kila siku. Mwaka 2011 Karpicke na mwenzake Janell Blunt walilinganisha wanafunzi waliosoma andiko la sayansi na kuchora ramani ya mawazo wakiwa wamefungua kitabu, na wengine waliosoma kisha wakafunga na kuandika wanachokumbuka. Wiki moja baadaye waliofunga kitabu walishinda, hata kwenye maswali yanayotaka kuunganisha mambo ambayo andiko halikuyasema wazi. Kukumbuka vizuri na kuelewa vinalishana.

Lakini mtoto hawezi kutoa kichwani kitu ambacho hakikuingia, na hapa ndipo tunapokutana na lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Januari ya kidato cha kwanza anaingia darasani na kila kitu kimegeuka Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe na masomo machache. Sehemu ya akili inayoshika mambo wakati tunafikiri ni finyu mno. Kwa makadirio ya Nelson Cowan ya mwaka 2001 inabeba kama mambo manne tu kwa wakati mmoja. John Sweller alianza kueleza miaka ya 1980 jinsi nafasi hiyo ikijaa mzigo usio wa somo, somo lenyewe linakosa pa kukaa. Mtoto wangu wa kidato cha kwanza anatafsiri neno la kwanza, anatafuta la pili, kufika la tatu amelisahau la kwanza. Usanisinuru atauelewa kwa nafasi ipi? Anafanya jambo pekee linalowezekana: anakariri umbo la sentensi. Tusimlaumu. Tumemfikisha hapo sisi wenyewe.

Jirani zetu walilipima hili bila kukusudia. Kule Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, shule za msingi zilipewa vitabu vya kiada bure, na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009. Kila mtu angetarajia alama zipande. Wastani haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanafaulu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa kule ni lugha ya tatu, na wengi hawakuweza kuvisoma. Kremer huyo ndiye aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametetea kwa miaka mingi kwamba Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo na walimu wanaokijua, na sayansi ifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kufikiria kwayo. Nakubaliana naye moja kwa moja. Lakini mimi si waziri, na wanafunzi wangu watafanya mtihani kwa Kiingereza Novemba hii. Kwa hiyo nafundisha dhana kwanza kwa Kiswahili, kwa kachumbari na kwa maembe ya kukausha, mpaka niwaone wanabishana wenyewe. Kisha nawapa istilahi za Kiingereza chache, tano au sita kwa kipindi, na hizo nazo zinaingia kwenye maswali matano ya wiki zinazofuata. Swali moja nalitaka jibu la Kiswahili, jingine la Kiingereza. Anayejua kitu kwa Kiswahili anakosa maneno tu, na maneno yanafundishika. Anayejua sentensi ya Kiingereza bila kitu, hana pa kuanzia.

Nirudi kwenye ile habari ya maswali yasiyo na alama, maana alama ina mwenzake mbaya zaidi: kiboko. Kuna shule jibu lisilo sahihi linalipiwa fimbo, na wanaofanya hivyo wanaamini wanasaidia. Nisikilizeni, wenzangu. Mtoto anayejua akikosea anachapwa hatajaribu. Ataandika kile alichokichungulia kwa jirani, au atanyamaza. Mwalimu anakuwa ameua kitendo kilekile kinachojenga kumbukumbu, yaani kuthubutu kutoa jibu usilo na hakika nalo. Juu ya hapo, hofu nayo inakaa kwenye ile nafasi finyu ya kufikiria. Sitaki fimbo karibu na maswali yangu matano, na wanafunzi wanalijua hilo tangu wiki ya kwanza. Sasa wananiandikia makosa mazuri sana, makosa yanayoonyesha walikuwa wanawaza nini, na hayo ndiyo yananiambia kesho nifundishe nini.

Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa na tatizo tofauti. Wanafunzi wake walikuwa wanafanya vizuri zoezi la kila mada na kuanguka mtihani wa mwisho. Nilimpa kazi ya Doug Rohrer na Kelli Taylor ya mwaka 2007. Wanafunzi walijifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne tofauti. Waliofanya maswali ya umbo moja mpaka liishe ndipo waende jingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa walipata 60 tu. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani, wa kwanza walipata 20 na waliochanganyiwa 63. Sababu yake ni rahisi: ukiwa kwenye zoezi la pembetatu unajua kanuni ni ya pembetatu, hujalazimika kuchagua. Mtihani unakutaka uchague. Mwenzangu sasa anaokota maswali mawili ya leo, moja la mwezi jana, moja la mwaka jana. Wanafunzi wamelalamika. Amewaacha walalamike.

Kuhusu usingizi nitasema jambo ambalo halitawapendeza baadhi ya wakuu wa hizi kambi za mtihani. Kuna vijana wanatumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili wasisinzie, na tunawasifu. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba waliojifunza kitu kisha wakalala walikikumbuka zaidi kuliko walipokaa macho kwa muda uleule. Tangu hapo ushahidi umerundikana kwamba ubongo uliolala unaendelea kuyapanga na kuyaimarisha ya mchana. Tena mwili wa kijana balehe unachelewa kupata usingizi usiku na kuchelewa kuamka, ni maumbile, si uvivu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2014 shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Wangu wanatakiwa wawe wanafagia uwanja saa kumi na mbili na nusu, na kuna wanaotembea saa nzima kufika. Muda wa kengele sina mamlaka nao. Lakini kukesha ni kuchoma kile ulichokilima mchana, na kwenye zamu yangu saa nne usiku taa zinazimwa.

Jambo moja la kupita haraka: kwenye semina bado tunagawiwa fomu za kuwapanga wanafunzi kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, ili kila kundi lifundishwe kwa namna yake. Harold Pashler na wenzake walipitia utafiti wa jambo hilo mwaka 2008 na hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha hivyo kunasaidia. Mchoro unasaidia watoto wote. Tuokoe karatasi.

Wazazi wengi wananiambia, "Mwalimu, mimi niliishia la saba, nitamsaidiaje mtoto wa sekondari?" Mama mmoja anayeuza machungwa stendi ya Muheza nilimwambia amwombe binti yake daftari, alishike yeye, kisha amwambie, "Nieleze mlichosoma leo, kwa Kiswahili, mpaka nielewe." Asipoelewa amwambie hajaelewa. Siku tatu baadaye amuulize lilelile. Huyo mama hahitaji kujua figo inafanyaje kazi. Anahitaji kuwa msikilizaji mgumu, na hiyo kazi wanaijua, wanawasikiliza wateja wagumu kutwa nzima. Binti alilalamika kwangu kwamba mama yake anauliza maswali kuliko mimi.

Hoja ya mwisho ninayoipata kwa walimu ni muda. Kipindi ni dakika arobaini, silabasi ni ndefu, mwalimu wa taaluma anataka kuona azimio la kazi limekwenda. Maswali matano na masahihisho yake yananila dakika kumi, wakati mwingine zaidi. Zimetoka wapi? Nimeacha kumpa monita kitabu ajaze ubao kwa notsi huku darasa zima likinakili. Kunakili kule kulikuwa kunakula nusu ya kipindi, mara nyingine kipindi chote, na mtoto anaweza kunakili kurasa tatu huku akiwaza mpira. Sasa notsi nazitoa nakala chache, kila dawati lina nakala yake ya mada, wanazipeleka nyumbani kwa zamu, na anayetaka kuandika anaandika jioni. Gharama ya kutoa nakala tulikaa na kamati ya wazazi tukaipangia kwenye michango iliyopo. Kwa anayetaka kuanza Jumatatu bila kusubiri kamati: maswali matatu yanatosha, la jana, la wiki jana na la mwezi jana, na yaandike kabla hujaingia darasani, kwa sababu ukiyatunga umesimama utaishia kuuliza "taja".